Nimehamia Nyamasaria kutoka Nakuru: udongo mweusi umepasuka na masika yanakaribia. Nianzie wapi?

MhamiajiWaNakuru (Nyamasaria, Kisumu)

Hamjambo wapenzi wa bustani. Tumehamia Kisumu juzi tu kutoka Nakuru, pande za Kiamunyi. Ploti ni ya futi 50 kwa 100, nyumba imekaa kuelekea nyuma, ukuta wa mawe pande tatu, na upande wa barabara kuna michongoma. Aliyetuuzia aliacha mpapai mmoja karibu na jikoni. Kwingine kote ni udongo mweusi mtupu, na Februari hii umepasuka nyufa ambazo mwanangu anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Kule Nakuru udongo wetu ulitokana na majivu ya volkano. Unachimba leo, unapanda leo, mvua kubwa ikipita maji yameshazama kabla hujavaa gamubuti. Shida zetu zilikuwa vumbi, na maji ya kisima yenye floridi. Mboga nilizipanda kwenye vitaro vilivyochimbwa chini kidogo ili maji yabaki. Hapa jembe linagonga na kuruka. Jirani ananiambia ningoje mwezi wa nne, maji yatasimama mpaka kizingitini.

Ninachotaka si kikubwa: mboga za nyumbani (sukuma, managu yaani mnavu, kunde, nyanya kidogo), nyasi mbele watoto wachezee, mti wa kivuli upande wa magharibi kwa sababu jua la saa kumi linapiga moja kwa moja sebuleni, na maua mawili matatu. Fundi mmoja alikuja akashauri tupange kabro (matofali ya saruji ya kutandika chini) kiwanja chote tumalizane na matope. Mwingine akasema ninunue lori la mchanga nichanganye na udongo ili ulainike. Mume wangu anaegemea kabro. Pesa za kufanya yote hatuna. Ningefanya nini kwanza kabla mvua haijaanza?

WaRiat

Karibu Kisumu dada. Sisi huku juu Riat tuna mawe, matope tunayasikia tu kwenu. Kwa mboga ushauri wangu ni magunia. Jaza gunia udongo mzuri na samadi, weka mkondo wa kokoto katikati wa kupitishia maji, toboa pembeni, panda sukuma zako kuzunguka. Gunia halijali chini kuna nini. Mimi nina manne nyuma ya jikoni na mboga za wiki nzima hatununui. Kwa mambo ya udongo mweusi subiri watu wa uwanda wa Kano, wanaoishi juu yake, waamke.

JembeLaKano (Rabuor)

Karibu sana Kisumu dada. Kazi yangu ni bustani. Nilianza nikiwa kijana kwenye nyumba za mtaa wa Milimani hapa Kisumu, na kwangu Rabuor nimekaa juu ya udongo huohuo wako, kwa hiyo haya nakuambia kutoka kwenye kiwanja changu na vya wateja wangu pale Nyamasaria, Mamboleo na Ahero.

Usinunue mche wowote bado. Usinunue nyasi. Mwezi huu kazi yako ni moja: maji. Ujue yataingilia wapi, yatasimama wapi na yatatokea wapi. Ukishayapa njia, udongo huu utakulisha vizuri kuliko ule wa Nakuru, kwa sababu una rutuba na unashika unyevu muda mrefu. Ukipanda kabla ya kuyapa njia, Aprili itafuta kila kitu.

Elewa kwanza udongo unavyofanya kazi. Ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Hizo nyufa za mwanao ni kunywea huko. Mvua mbili tatu za kwanza za Machi zitamezwa zote na nyufa, na utafikiri jirani alikutisha bure. Halafu udongo unavimba, nyufa zinajifunga, na kuanzia hapo maji hayana pa kuzama. Yanatembea juu au yanasimama. Ndiyo sababu watu wengi wanadanganyika: wanapanda baada ya mvua ya kwanza wakiona pamekunywa, na wiki tatu baadaye mizizi imekosa hewa, majani yamegeuka manjano, wanaambiwa wanyunyize dawa. Hiyo si ya dawa. Mizizi imezama.

Na kwa sababu hiyohiyo, usije ukachimba shimo la kunyonya maji kama mlivyozoea Nakuru. Hapa shimo linajaa na kubaki limejaa. Maji yakikaa wiki moja au zaidi kwenye joto letu, viluwiluwi wanakuwa mbu, na wewe una watoto. Mtaro wowote utakaochimba lazima uwe na mwisho, na ukauke katikati ya mvua na mvua.

Namna ya kuanza. Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule mafundi wa nyumba wanaujaza maji kupima usawa. Pima kutoka ukuta wa nyuma mpaka langoni, pande zote mbili za nyumba. Macho yanadanganya kwenye uwanda wa Kano, kila mahali panaonekana sawa. Ukipata upande wa chini, chora mtaro wa kwenda huko, mbali na msingi wa nyumba, na kila mita 10 ushuke angalau sentimita 10. Mahali pa kutokea ni mfereji wa barabara. Si kwa jirani. Nimeona majirani waliokula pamoja miaka mingi wakiacha kusalimiana kwa sababu ya mtaro.

Hapa kuna jambo la kuangalia sana: barabara nyingi za mitaa zimemwagiwa maramu (kifusi cha changarawe) mara kwa mara mpaka ziko juu kuliko ploti. Kama ndivyo ilivyo kwako, mtaro hautatoka wenyewe. Basi pima, kisha udongo wote utakaochimba kwenye mtaro uumwage kwenye matuta na karibu na nyumba, ili unakokaa na unakopanda kuinuke na mtaro wenyewe ubaki chini. Usisombe udongo kutoka nje kabla hujautumia ulio nao.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, toka nje na mwavuli. Mvua zetu nyingi zinakuja alasiri na jioni pamoja na radi, kwa hiyo huenda ukawa umesharudi nyumbani kutoka kazini. Beba vijiti, chomeka kila mahali maji yanaposimama na kila mahali yanapokimbia. Asubuhi utakuwa na ramani ambayo hakuna fundi atakayekuchorea.

Sasa paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita za mraba 120, mvua ya milimita 30, hizo ni lita 3,600 kwa alasiri moja, na kama huna mabomba ya paa zote zinamwagika kwenye msingi wako. Kama kuna pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, iwe ya mabomba ya paa na tangi. Ziada ya tangi iende mtaroni. Na Januari maji hayohayo ndiyo yatanywesha mboga.

Kabro: panga njia ya kutoka lango mpaka mlango, na pale mnapofulia na kuanika. Basi. Ukifunika kiwanja kizima, kila tone litakimbia kwa jirani au litarudi mlangoni kwako, na joto la sebule litaongezeka. Tena kabro ikipangwa juu ya udongo mweusi bila kuutoa na kujaza maramu iliyoshindiliwa, itapanda na kushuka kila msimu mpaka ikatike mistari. Mwambie mume wako amuulize fundi atachimba kina gani na atajaza nini. Jibu lake litakuonyesha kama anaijua kazi.

Mchanga: usinunue. Ili mchanga ubadilishe udongo huu ungehitaji uwe zaidi ya nusu ya mchanganyiko wote. Lori moja linapotea ndani yake, na ukikauka unakuwa mgumu kuliko mwanzo. Kinacholainisha udongo mweusi ni vitu vinavyooza: samadi, majani, mabaki ya jikoni, makapi ya mpunga. Na sisi makapi tunayo! Zunguka Ahero karibu na vinu vya mpunga uone milima yake. Miwa nayo: kuanzia Kibos, Muhoroni mpaka Chemelil kuna makapi ya viwanda vya sukari, ila yale lazima yakae yaoze kabla ya kugusa mizizi. Mtu wa Kisumu anayetoa pesa kununulia udongo huu mchanga, wakati kilichokuwa kinahitajika kiko kilomita 20 tu, kwa kweli ananiumiza moyo.

Nitarudi kwa mboga jioni, nina watu wa kazi hapa.

MamaLurambi (Kakamega)

Dada karibu Magharibi. Mimi kwa udongo sitaongea sana, lakini mbegu za kienyeji nazijua, nisikilize hapo.

Saga (mgagani): usipande mbegu iliyovunwa mwezi uliopita. Mbegu mpya ya saga inalala. Ihifadhi pakavu miezi mitatu au zaidi, ndipo itaota kwa pamoja. Watu wanalalamika mbegu mbaya kumbe ni changa. Mrenda ni tofauti, ganda lake ndilo gumu. Funga mbegu kwenye kitambaa, chovya kwenye maji yaliyotoka tu kuchemka kwa sekunde kama 10, toa, ziache zipoe, panda siku hiyohiyo. Managu chagua mti mmoja mzuri wenye majani mapana, usiuchume kabisa, uache uzae, matunda yakiiva yaponde ndani ya maji, mbegu nzuri zinazama chini, anika kivulini.

Na mwaga jivu na chokaa ya kilimo kwenye matuta. Mimi hapa Lurambi bila chokaa mboga zinadumaa, nikiweka zinapanda. Maharagwe hasa.

JembeLaKano

MamaLurambi, hayo ya mbegu ni dhahabu, hasa ya saga. Hapo kwenye chokaa tu niruhusu mama yangu. Kwenu Kakamega mvua ni nyingi, udongo mwekundu umeoshwa na kuwa na asidi, na chokaa ile inayochimbwa Koru ni dawa kweli. Udongo wetu mweusi wa Kano kwa kawaida hauna asidi hiyo, na sehemu nyingine umeegemea upande wa pili. Ukiongeza chokaa na jivu jingi majani yanaanza kuwa manjano huku mishipa imebaki kijani, kwa sababu madini ya chuma hayapatikani tena kwa mizizi. Dada wa Nyamasaria, usiweke chokaa mpaka upime udongo. Jivu kidogo juu ya majani kwa ajili ya vidukari, sawa.

Sasa matuta. Nakuru ulichimba chini ili maji yabaki, hapa unainua juu ili yaondoke. Kila tuta upana wa mita moja ili ufikie katikati kutoka pande zote, kimo sentimita 30, na njia katikati ziwe ndizo mitaro zinazoelekea kwenye mtaro mkubwa. Usikanyage juu ya tuta hata mara moja, na watoto wafundishwe hivyo. Udongo huu ukikanyagwa ukiwa umelowa unabana, na unachukua msimu mzima kurudi.

Wakati wa kulima ndio ugumu wenyewe. Udongo mweusi unalimika siku chache tu, katikati ya jiwe na tope. Kwa sasa, mwaga ndoo za maji jioni sehemu ndogo unayotaka kufanyia kazi, asubuhi ingia na sururu au jembe uma, geuza mabonge makubwa na uyaache hivyohivyo. Usiyapondeponde, utajichosha. Samadi na makapi ya mpunga mwaga juu yake. Mvua za kwanza zitayavunja mabonge zenyewe. Baadaye, kila ukitaka kulima, chukua udongo kiganjani uviringishe. Ukitoka uzi mwembamba unaong'aa, rudi ndani unywe chai. Ukivunjikavunjika, ingia kazini siku hiyo, kwa sababu keshokutwa huenda umeshakuwa jiwe.

Mboga zenyewe: najua mtu wa Nakuru moyo wake uko kwa sukuma. Panda, lakini usiifanye nguzo ya bustani hapa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu iko kama 1,130. Tofauti hiyo ni nyuzi nne tano za joto, na sukuma ni mboga ya baridi. Itakua Kisumu, ila miezi ya ukavu, Januari na Februari, viwavi na vidukari wanaimaliza. Sukuma yangu naihamisha kutoka kitaluni mwishoni mwa Mei, ikute Juni mpaka Agosti ambapo kuna ubaridi kidogo, kisha Desemba naing'oa bila huruma.

Nguzo ya bustani hapa ni mboga za kwetu. Managu yanataka samadi nyingi na unyevu, yako tayari wiki ya tano au ya sita, chuma ncha ili yatoe matawi, ondoa maua. Saga inachukia maji yaliyosimama kuliko mboga yoyote, iwekee tuta lililoinuka zaidi, na ikionja kiu kidogo inakimbilia kutoa maua, basi katia ncha mapema. Mrenda haijali sana, inavumilia unyevu na inavumilia joto. Kunde na mboga ya mito, nayo ya jamii ya kunde, ziweke kwenye tuta lililochoka, maana zinarudisha naitrojeni udongoni. Mvua zetu za alasiri zinapiga kwa nguvu na kusomba mbegu ndogo, kwa hiyo panda kwenye mistari, funika udongo kiasi tu, tandaza nyasi kavu juu, na siku ukiona zimechomoza uondoe nyasi jioni.

Nyanya nitakuambia jambo moja tu, lakini ni kubwa. Kwenye joto na udongo uliolowa kuna mnyauko wa bakteria. Mche unakuwa mzuri, kijani kabisa, mchana unalegea, jioni unainuka, siku ya tatu nne hauinuki tena. Kata shina karibu na mzizi, litumbukize ncha tu kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Ukiona uzi mweupe wa maziwa unashuka kutoka kwenye shina ndani ya dakika chache, ndio huo. Hakuna dawa. Ng'oa na mizizi, choma, na tuta hilo usilipandishe nyanya, managu, pilipili, biringanya wala viazi kwa misimu kadhaa, zote ni ukoo mmoja. Weka mrenda au kunde au mahindi. Watu wengi wanang'oa nyanya iliyokufa wanaweka managu palepale halafu wanashangaa. Kwa nyanya zako chache, tumia magunia ya WaRiat, na udongo wa magunia usitoke kwenye tuta lililougua.

MhamiajiWaNakuru

Mzee, asante sana kwa moyo huu. Mume wangu amesoma yote, amekubali kabro iwe njia ya lango na sehemu ya kufulia tu. Tumepima kwa mpira. Kona ya mbele kushoto ndiyo ya chini, na mfereji wa barabara uko chini kidogo kuliko hapo, kwa hiyo maji yatatoka.

Naomba kuuliza mengine. Mti wa kivuli: kutoka ukuta wa sebule mpaka ukuta wa mawe upande wa magharibi ni mita nne tu. Nimependekezewa mti wa mwavuli, ule wa ngazi ngazi. Pili, mpapai uliopo niuokoe vipi? Tatu, nyasi: dada yangu ameahidi kunitumia nyasi za Kikuyu kutoka kwake Njoro, zinapendeza sana. Nne, kuku wa jirani wako kwangu kila asubuhi.

FundiWaMsingi (Kondele)

Nijibu la mti kwa upande wa mjengo. Mita nne kwenye udongo mweusi, usipande mti mkubwa. Si mizizi kuvunja ukuta kwa nguvu tu. Mizizi inanyonya maji, udongo upande ule unanywea zaidi kuliko pande zingine, msingi unashuka upande mmoja, na unaona ufa wa mshazari kutoka pembe ya dirisha. Nimeitwa kwenye nyumba kadhaa za hivyo, na ukiangalia nje unakuta mkaratusi au kitu cha urefu huo. Salama ni umbali sawa na kimo cha mti ukishakomaa.

JembeLaKano

Fundi amesema kweli tupu. Ule wa mwavuli ni mti mzuri mahali penye nafasi, kwenye mita nne hapana. Mwarobaini nao unapenda Kisumu, na siala ni mti wa kwetu ninaoupenda kuliko yote, maua yake ya manjano yanapendeza mno, lakini siala iweke kona ya mbele kabisa karibu na lango, mbali na nyumba, na uipogoe.

Kwa jua la saa kumi fanya hivi: simamisha nguzo na nyaya mita moja na nusu kutoka ukuta wa sebule, upandishe pasheni ya manjano. Ile ya zambarau ni ya nyanda za juu kama zenu, ya manjano ndiyo inayopenda joto la huku. Ipande juu ya kichuguu cha udongo na samadi, maana mizizi yake haivumilii maji. Ndani ya mwaka utapata kivuli na matunda. Ukitaka mti pia, mpera au mlimau uliopogolewa usizidi kimo cha mlango, mwisho kabisa wa ploti.

Mpapai: maji yakiuzunguka siku mbili tu unaweza kuoza mizizi. Usiurundikie udongo kwenye shina, shina litaoza. Chimba kijitaro kutoka pale mpaka mtaro mkubwa, wiki hii. Na kwa tahadhari panda mwingine kwenye kichuguu cha nusu mita, kwa sababu mpapai wa jikoni mara nyingi unamwagiwa maji ya vyombo bila mtu kufikiri.

Nyasi za Kikuyu, mshukuru dada yako, lakini zikae Njoro. Ni nyasi za baridi ya milimani, huku zinapauka na kuacha mapengo. Penye jua chukua paspalum, penye kivuli chukua nyasi za Pemba. Kabla ya kupanda, tengeneza uwanja uwe na mgongo katikati, ushuke pande mbili kidogo tu, macho yasione. Watoto hawataona mteremko, ila maji yatauona. Ngoja mvua zizoee, wiki ya kwanza au ya pili ya Aprili, uchomeke vipande kila sentimita 15. Kona ya mbele kushoto, ile ya chini, usiweke nyasi kabisa. Panda maua ya kana na magimbi, ni mimea inayofurahia miguu yenye maji, na kana itakupa maua karibu mwaka mzima.

Kuku: huhitaji waya wa bei. Nyavu kuukuu za uvuvi zinapatikana kwa wavuvi wa Dunga, na neti za mbu zilizokwisha kazi pia zinafaa. Fito, neti, kimo cha kiuno, na uzike ukingo wa chini ardhini kuku wasipenye.

Mtu mmoja ameniandikia kando aniulize kuhusu ile mimea ya ojuok inayozungusha maboma mengi ya huku, yaani mnyaa. Ni ua imara, halili maji, mifugo hawaligusi. Lakini utomvu wake ukiingia jichoni unaumiza vibaya sana, unaweza kuleta upofu wa muda. Dada una watoto na una michongoma tayari. Baki na michongoma.

Mwaka wenyewe utauzoea. Juni na Julai ni kupogoa na kutengeneza mboji. Upepo ukisukuma magugu maji ya ziwani mpaka ufukweni, chukua, yaanike kwanza yapungue maji, kisha pangia na samadi tabaka kwa tabaka. Agosti mwishoni unalainisha matuta kwa ajili ya vuli, na mvua za Oktoba mpaka Desemba ni za upole kuliko za Aprili, mimi mazao yangu bora ya managu yanatoka hapo. Kisha kabla ya Krismasi, udongo ukiwa bado na unyevu, piga jembe juu juu ufunge nyufa zinapoanza tu, na utandaze nyasi kavu au makapi ya mpunga unene wa vidole vinne. Ukichelewa, nyufa zinakata mizizi, na maji unayomwagilia yanatumbukia chini bila kugusa mmea. Miezi hiyo pia geuza majani ya nyanya na managu uangalie upande wa chini, utitiri mwekundu unapenda ukavu. Maji ya sabuni asubuhi, siku tatu mfululizo, yanawapunguza.

MhamiajiWaNakuru

Nimeandika yote kwenye daftari. Swali la mwisho mzee: samadi. Jirani ana ng'ombe, ananiuzia kwa wilbaro, na amesema naweza kuchukua hata leo. Niitie kwenye mabonge moja kwa moja?

JembeLaKano

Chukua, lakini kwanza ingiza mkono ndani ya rundo mpaka kwenye kiwiko. Ikiwa ina joto au inanuka mkojo, haijaiva, itaunguza miche na kuleta magugu. Irundike kivulini, nyunyizia maji kidogo, funika kwa gunia au majani ya mgomba, igeuze kila wiki. Ikipoa na kunuka udongo, hapo itandaze. Ile iliyoiva tayari, chini kabisa ya rundo la zamani la jirani, hiyo itie kwenye mabonge hata kesho, karai mbili kwa kila mita ya tuta. Na mtaro uishe kabla ya samadi.